Anayeitikia ni Nani? Mwitikio wa Hadhira na Kumbukumbu ya Historia katika Sanaa za Maonyesho za Kibaha na Kisarawe

Ikisiri

Makala haya yanajadili nafasi ya mwitikio wa hadhira katika sanaa za maonyesho zinazobeba historia ya wenyeji wa Kibaha na Kisarawe, mkoani Pwani. Hoja inayojengwa ni kwamba katika maeneo haya historia haikai zaidi katika kauli ya msimulizi, bali katika haki na wajibu wa kumwitikia. Na kwamba onyesho linapogeuzwa kumwelekea mgeni, anayetoweka kwanza si msimulizi bali mwitikiaji. Hoja hiyo inachunguzwa kupitia utani wa msibani, unyago wa mkole, na tamthilia za Kiswahili zilizojaribu kuutia mwitikio huo katika maandishi.

Utangulizi

Mtu anayetoka Dar es Salaam kwenda Kibaha kwa Barabara ya Morogoro, au anayepita vilima vya Pugu kuelekea Kisarawe, akitafuta jukwaa ambapo wenyeji huadhimisha historia yao, atalikosa ikiwa anachokitafuta ni jengo. Jengo la karibu lenye hadhi hiyo mkoani liko Bagamoyo, katika Taasisi ya Sanaa na Utamaduni (TaSUBa), iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa na kupata hadhi ya wakala mwaka 2007. Huko liko jukwaa, viko viti, na liko tamasha la kila mwaka ambalo limekuwa likifanyika tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kibaha na Kisarawe hakuna kitu cha namna hiyo. Kuna viwanja vya shule, kumbi za mikutano, nyua za nyumba, na njia zinazopitwa na mdundiko.

Ukosefu huo wa jengo umewafanya baadhi ya waandishi kuhitimisha kwamba maeneo haya yana "malighafi" ya sanaa za maonyesho lakini hayana sanaa zenyewe. Neno malighafi ni la kiwandani, na linadokeza kwamba kazi halisi itafanyika mahali pengine, mikononi mwa mtu mwingine. Makala haya hayakubaliani na dokezo hilo. Yanadai kwamba maonyesho yapo na yana kanuni kali, na kanuni iliyo kuu kuliko zote ni ile inayoamua nani anaruhusiwa, na nani analazimika, kumwitikia mtendaji.

Kuitika, kuitikia, kujibu

Ni vyema kuanza na msamiati, maana Kiswahili chenyewe kimeshafanya uchambuzi ambao nadharia huchelewa kuufikia. Anayeitwa huitika. Anayeimbiwa huitikia, na kile anachokirudia huitwa kiitikio. Anayeulizwa hujibu. Vitenzi viwili vya mwanzo ni vya jamaa moja na vinatokana na ita. Cha tatu ni cha asili ya Kiarabu, nacho kimekuja na uwanja wake wa mahojiano na hoja. Tofauti yake na vile viwili si ya asili pekee. Jibu huleta taarifa mpya na linaweza kuwa sahihi au kosa. Mwitikio hauleti taarifa: msimulizi akisema "paukwa", hadhira inayosema "pakawa" haijamwarifu lolote. Imemthibitishia tu kwamba wapo, kwamba ni wake, na kwamba anaweza kuendelea. Mnyambuliko wa kutendea katika itikia unaonyesha jambo hilo vizuri, kwa kuwa tendo lina mlengwa. Mtu huitikia wimbo wa fulani, salamu ya fulani. Haitikii hewani.

Mulokozi (1989), katika makala yake ya tanzu za fasihi simulizi, aliihesabu hadhira miongoni mwa mambo yanayoiunda fasihi hiyo, pamoja na fanani, fani, tukio, mahali na wakati. Hilo lilikuwa ni kuvuka hatua kubwa, na wanafunzi wa vyuo vikuu nchini wameishi kwa orodha hiyo tangu wakati huo. Hata hivyo, katika matumizi yake ya kawaida darasani, hadhira hugeuka kuwa kundi moja: "hadhira ilishangilia", "hadhira ilishiriki kwa kupiga makofi". Katika Uzaramo na Ukwere hadhira si moja. Katika uwanja mmoja wanaweza kuwapo wafiwa, watani, wakwe, majirani na wapita njia, na kila kundi lina maneno ambayo likiyatamka ni sanaa, na kundi jingine likiyatamka ni matusi.

Utani: historia inayotendwa msibani

Mfano ulio wazi kuliko yote ni utani. Wazaramo wana watani wengi, lakini utani wao na Wanyamwezi ndio unaofaa kutazamwa hapa, kwa sababu asili yake inajulikana na njia yake inaonekana hadi leo. Misafara ya karne ya 19 kutoka Unyamwezi ilishuka kuelekea Bagamoyo na pwani ya Mzizima, na sehemu ya mwisho ya safari ilipita katika nchi ya Wazaramo na jirani zao, kandokando ya mto Ruvu. Wakubwa wa Wazaramo, wenye cheo cha pazi, walidai hongo kwa kila msafara. Burton, aliyepita huko mwaka 1857, aliyalalamikia madai hayo kwa kirefu. Wapagazi wa Kinyamwezi waliyajua zaidi yake, kwa kuwa walipita mwaka baada ya mwaka, wakauguzwa huko, wakaoa huko, na wengine wakazikwa huko. Utani ulikua katika mahusiano hayo ya kudaiana, kuogopana na kuhitajiana.

Moreau (1944), aliyekusanya habari za utani wa makabila mengi ya Tanganyika, aliuona hasa kama chombo cha kuzuia uhasama kati ya makundi yaliyowahi kupigana au kufanya biashara. Maelezo hayo ni ya kweli lakini yanaacha nje namna utani unavyotendwa. Msibani, mtani huweza kuvaa nguo za marehemu, kuiga mwendo wake na kikohozi chake, kulia kilio cha uongo chenye sauti kuliko kilio cha wafiwa, na kuingia kaburini na kulala humo akidai kwamba hatatoka hadi alipwe. Wafiwa hulipa. Wakichelewa, dai hupanda. Wakikasirika, wamevunja kanuni, na aibu ni yao.

Hapa kuna mhusika, vazi, mwigo, mgogoro na ufumbuzi. Kuna pia jambo ambalo tamthilia ya ukumbini haina uwezo nalo: maiti, aliyemo ndani ya onyesho na ambaye mtani humwambia "wewe" kana kwamba atainuka. Kwa hiyo inashangaza kidogo kuona kwamba katika uainishaji wa Mulokozi malumbano ya watani yamewekwa chini ya mazungumzo, bega kwa bega na hotuba na soga, ilhali maigizo yamepewa utanzu wake peke yake. Uamuzi huo unaeleweka kama kigezo ni maneno, kwa kuwa watani kweli hulumbana. Kigezo kikiwa ni tendo, mahali pake si hapo. Mtani aliyelala kaburini hazungumzi tu.

Ndani ya utani huo historia iko katika hali gani? Haiko katika simulizi. Hakuna anayesimama kueleza kwamba babu zetu walitoza hongo na babu zenu walibeba pembe. Historia imo katika vitu viwili: dai la malipo, ambalo ni hongo iliyogeuzwa mchezo, na msamiati. Watani huitana "mtumwa wangu", na mmoja hudai kwamba alimnunua mwenziwe kwa kitu duni. Maneno haya, yakitamkwa na mtu asiye mtani, yangefika barazani kwa mwenyekiti wa kijiji. Yanavumilika kwa sababu aliyeambiwa ana haki ya kuyarudisha. Yale ambayo vitabu vya shule huyaeleza kwa tahadhari katika sura ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, utani huyasema waziwazi katika nafsi ya kwanza na ya pili, mbele ya jeneza, na kumtaka mwenziwe aitikie kwa kicheko. Si kila kicheko hicho ni chepesi. Mtafiti makini atasikiliza ni wapi kinachelewa.

Ikumbukwe kwamba tendo hilo haliwezi kuandaliwa kwa ajili ya mgeni. Mtani hawezi kuombwa aje Jumamosi kuonyesha utani bila msiba. Akikubali, atakuwa anaigiza mtu anayeigiza, na dai lake la malipo litakuwa kiingilio.

Mkole na mpaka wa mgeni

Unyago wa wasichana wa Kizaramo, unaofungamana na mti wa mkole, umeandikwa kwa kina na Swantz (1970), ambaye utafiti wake ulifanyika Bunju, kaskazini mwa Dar es Salaam. Kisarawe si Bunju, na hitilafu za eneo hadi eneo ni za kutarajiwa. Lakini kiini cha maonyesho ni kilekile: nyimbo zenye mafumbo huimbwa mbele ya mwali, na mwali hufunzwa maana yake na namna ya kuziitikia. Anayejua kuitikia amekwisha kupita, asiyejua bado. Mwitikio ndio cheti.

Kwa mtazamo wa lugha, unyago una umuhimu wa pekee kwa sababu ndimo Kizaramo (G33 katika uainishaji wa Guthrie) kilimobaki kikifanya kazi ambayo Kiswahili hakijaichukua yote. Vijana wengi wa Kisarawe leo hukua wakizungumza Kiswahili nyumbani. Hali ya Kikwere (G32), jirani yake wa karibu katika kundi hilohilo la G30, haina nafuu kubwa katika miji iliyo kandokando ya barabara kuu. Lugha hizi zinapokosa wazungumzaji wa kila siku, hubaki katika nyimbo, na nyimbo hubaki kwa wanaoitikia sauti bila kupata maneno. Binti anaweza kuitikia wimbo wa mkole kwa usahihi wa lahani na asiweze kueleza neno moja ndani yake. Je, ameitikia? Kwa kanuni ya onyesho, ndiyo. Kwa kanuni ya mafunzo, fumbo limepita bila kufumbuliwa.

Tahadhari moja ni muhimu. Si haki kuusifu mwitikio kana kwamba kila kuitikia ni ushirika wa hiari. Kiitikio cha unyago kimewafunza wasichana mambo mengi ya heshima na afya, na pia kimewafunza kunyamaza mbele ya waume. Penina Mlama, ambaye tamthilia zake chini ya jina la Penina Muhando zimehoji nafasi ya mwanamke kwa ukali usiofichika, hakuwahi kuzitetea sanaa za jadi kwa sababu tu ni za jadi. Mhakiki anayeomboleza kutoweka kwa mkole anapaswa kueleza anaomboleza lipi kati ya hayo.

Mbele ya mgeni rasmi

Sasa lichukuliwe onyesho ambalo kila mkazi wa Pwani amelishuhudia mara nyingi: kikundi cha ngoma kinachomkaribisha mgeni rasmi katika uzinduzi wa mradi, siku ya wakulima au mbio za Mwenge. Ngoma ni ya wenyeji na mapigo ni ya kweli. Lakini uwanja umebadilika. Watu wa kijiji, ambao katika mdundiko wangekuwa wanaongezeka njiani na kuitikia kadiri wanavyojiunga, sasa wamezungushiwa kamba upande mmoja, na wachezaji wamewapa mgongo ili uso uelekee jukwaa kuu. Maneno yamehamishiwa Kiswahili ili mgeni aelewe. Kiitikio kinaimbwa na kikundi chenyewe. Mgeni anapiga makofi, na makofi ni malipo, si mwitikio.

Mwelekeo huu una historia ndefu kuliko wanavyodhani wale wanaoulaumu utalii wa leo. Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, iliyoundwa mwaka 1962, na kikundi cha taifa cha ngoma kilichofuata, vilichota ngoma kutoka mikoani na kuzipanga upya kwa ajili ya jukwaa lenye mbele na nyuma. Kijiji cha Makumbusho cha Dar es Salaam, chenye nyumba ya Kizaramo miongoni mwa nyumba zake, kiliendeleza mpango huo kwa nia njema ya kuhifadhi. Edmondson (2007) ameonyesha jinsi vikundi vya maonyesho vya Dar es Salaam vilivyoigiza taifa mbele ya watazamaji waliolipa kiingilio. Anachokigusa kwa juu tu ni hali ya wale walioachiwa ngoma baada ya ngoma kuondoka: kwamba nao walijifunza kuicheza kwa kutazama ilivyochezwa jukwaani.

Hata hivyo, Kiswahili hakistahili kufanywa mshitakiwa. Kibaha ni mji wa watu waliokuja. Shirika la Elimu Kibaha, lililochimbuka katika mradi wa nchi za Nordiki wa mwaka 1963 na kukabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1970, limeleta wanafunzi na watumishi kutoka kila pembe ya nchi; makao makuu ya mkoa yameleta wengine; barabara imeleta waliobaki. Onyesho la Kikwere au Kizaramo mjini Kibaha litawaacha nje wengi wa majirani wa mtendaji. Hapo Kiswahili ndicho pekee kinachoweza kuitikiwa. Kisarawe, hasa vijiji vya kuelekea Maneromango na Mzenga, hali ni tofauti. Sera moja ya "kuinua sanaa za mkoa" inayozichukulia sehemu hizi mbili kuwa kitu kimoja itakosea angalau mara moja.

Kinjeketile anajulikana, Kibasila je?

Jambo la lugha ya kuitikia linaungana na jambo la historia gani inaitikiwa. Kwa miongo mingi, mwanafunzi wa Kisarawe, kama mwenziwe wa Bukoba au Songea, amekutana na Vita vya Majimaji kupitia tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile (1969). Hussein mwenyewe alikwisha kuonya kwamba Kinjeketile wa jukwaani si nakala ya mtu wa Ngarambe aliyenyongwa Mohoro mwezi Agosti 1905. Onyo hilo halikusomwa sana. Tamthilia ilipokuwa kitabu cha mtihani, mhusika alimeza historia, na Majimaji ikawa ni jambo la Rufiji na kusini.

Kumbe vita vilifika Uzaramo. Mpango wa mashamba ya pamba ya kulazimishwa, ulioanza mwaka 1902, uliigusa wilaya ya Dar es Salaam ya wakati huo, na Kisangire, kusini mwa Maneromango, alikuwako jumbe Kibasila, aliyeipinga pamba hiyo na hatimaye kunyongwa na Wajerumani. Jina lake liko katika ubao wa shule ya sekondari jijini Dar es Salaam. Halipo katika tamthilia yoyote inayofundishwa. Mwanafunzi anaweza kuvaa sare yenye jina la Kibasila na kuandika insha ya kurasa nne kuhusu Kinjeketile bila kuhisi kwamba kuna kilichopungua.

Kasoro hii si ya Hussein. Alitaka mfano wa taifa, na aliupata. Tena, mwisho wa tamthilia yake unahusu hasa suala linalojadiliwa hapa: Kinjeketile anakataa kuikana nguvu ya maji kwa sababu anajua kwamba neno limekwisha kutoka kwake na kuingia kwa watu. Neno lililokwisha kuitikiwa halirudi kwa aliyelisema. Inastahili kutajwa pia kwamba Hussein hakutosheka na umbo la Kinjeketile. Katika Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi (1976) alirudi kwenye utambaji wa hadithi, mtu mmoja na wasikilizaji wake. Penina Muhando naye katika Nguzo Mama (1982) alimweka Bi Msimulizi asimame kati ya kijiji cha Patata na watazamaji. Majaribio haya ni ya thamani, lakini yote yana mpaka mmoja: mwitikio ulioandikwa tayari umeshatolewa. Mtazamaji anapewa hadhira ya kubuni ya kumwitikia kwa niaba yake.

Karibu zaidi na Kibaha, na karibu zaidi na suala hili, ni kazi ya sanaa za maonyesho kwa maendeleo iliyofanyika Msoga, kijiji cha Wakwere, katika miaka ya 1980, ambayo Mlama (1991) ameieleza pamoja na ile ya Malya. Huko watafiti hawakuleta mchezo. Wanakijiji walitaja matatizo yao, wakayaweka katika ngoma na maigizo waliyoyajua, kisha mjadala ukafuata palepale. Maelezo ya Mlama yanathaminiwa kwa kawaida kama habari za maendeleo, na hushushwa rafu hiyo. Yakisomwa kama uhakiki, yanaonyesha onyesho ambalo sehemu yake ya mwisho, mjadala, haikujulikana na yeyote kabla ya kutendwa. Hapo kuitikia kuligeuka kujibu: aliyekuwa mwimbaji wa kiitikio aliweza kusema hapana, na kusema hapana mbele ya viongozi wa kijiji chake. Udhaifu wa mpango huo ni kwamba ulitegemea wageni kuanza, na wageni huondoka.

Tamthilia ya Kibasila ikiandikwa, na ingefaa iandikwe, mtunzi atalazimika kuamua mapema itachezwa ikielekea upande gani. Ikichezwa Dar es Salaam kwa Kiswahili mbele ya viti, itakuwa Kinjeketile wa pili, na huenda ikawa nzuri. Ikichezwa Kisangire, watakuwapo uwanjani watu wanaohesabu ukoo wao hadi kwa majumbe, na wengine wanaouhesabu hadi kwa waliotumwa kuwasimamia wenzao mashambani. Pengine watakuwapo na watani. Mwigizaji wa Kibasila atakapofungwa kamba shingoni, hakuna maelekezo ya jukwaani yatakayomzuia mtani kuinuka na kudai malipo yake.